Larsen kwa E

"Rudia tena," Noreen Pavlik alisema. "Uliingia ndani ya ofisi ya karani au hukuingia?"

"Niingie na viatu hivi?" Gordy Maas aliinua mguu mmoja aonyeshe. Buti lilikuwa limekauka chumvi ya barabarani hadi likawa jeupe kama unga. "Arlette angenichinja. Miaka ishirini nasukuma theluji mbele ya ofisi ile, Afande, na miaka ishirini kahawa yangu naletewa mlangoni, kwenye kikombe cha karatasi. Ndani ni kwa ajili ya watu."

"Na wewe si mtu?"

"Mimi ni dereva wa lori la theluji."

Ilikuwa saa tano ya Ijumaa. Saa tisa alasiri Gordy angesimamishwa mbele ya hakimu na kusomewa shtaka la kumuua Arlette Thorsgaard, karani wa mji wa Vesterlo kwa miaka thelathini na sita. Baada ya hapo angepelekwa gereza kubwa la kusini, na watu wanaopelekwa huko kwa makosa ya namna hiyo hawarudi wakiwa na meno yao yote.

Arlette aliokotwa Alhamisi asubuhi chini ya ngazi ziendazo kwenye chumba cha kumbukumbu, shingo imevunjika, na juu ya kiwiko cha kushoto ana alama nne za vidole. Sherifu Kubiak alimaliza uchunguzi kabla yai halijaiva. Kwenye theluji kulikuwa na alama za gari moja tu, lori la Gordy. Tena Jumatatu Gordy na Arlette walirushiana maneno mbele ya duka la mikate, kwa sababu lori lilikuwa limeangusha sanduku lake la barua. Basi, kesi imekwisha, leteni kahawa.

"Hilo sanduku uliligonga?"

"Mara tatu tangu Krismasi. Petro alimkana Bwana wake mara tatu akapewa kanisa. Mimi nagonga sanduku mara tatu napewa kifungo cha maisha."

Noreen hakucheka. Alitoa picha kwenye faili akaisukuma mezani. Ilionyesha sinki la ofisi ya karani, na kando yake vikombe viwili vya maua ya buluu vimepinduliwa vikauke, na visahani vyake.

"Hivi vikombe vya nani?"

Gordy aliinama. "Hivyo si vyangu mimi. Vya wageni hivyo. Askofu akija, au mtu wa makao makuu ya jimbo. Nakuapia, Hazel Larsen ameimba naye kwaya miaka arobaini na sidhani kama ameshawahi kupewa."

"Theluji iliacha kuanguka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ndiyo maana nikatoka. Saa kumi na mbili nimeshamaliza pale mbele, lami inang'aa kama sahani."

Noreen aliandika saa hizo mbili na kuzipigia mstari. Arlette alifungua mlango saa moja kasoro, kama kawaida yake. Kuanzia hapo, yeyote angeweza kuleta msafara mzima wa harusi juu ya lami ile asiache alama hata ya mbwa. Sherifu alikuwa ametafuta nyayo kwenye sakafu iliyofagiwa, asipoziona, akamkamata mwenye ufagio.

Alimkuta Kubiak koridoni akisugua buti zake kwa kitambaa.

"Noreen, leo usiniharibie siku," alisema bila kuinuka. "Gavana Butch anakuja. Saa saba yuko kanisani, anakula samaki na wananchi."

"Bahasha ya Arlette ilikutwa wazi mezani, Sherifu."

"Wazi, ndiyo, na ndani karatasi zote mbili. Moja Radtke, moja Larson, kama historia inavyosema. Hakuna kilichoibwa. Muulize Gordy habari za sanduku la barua."

Hadithi ya zile karatasi kila mtu wa jimbo aliijua, hata asiyeitaka. Miaka thelathini na minne iliyopita Butch Radtke alikuwa muuza matrekta makuukuu, na alisimama kugombea uenyekiti wa mji wa Vesterlo dhidi ya Einar Larsen, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kura zikafungana, mia mbili kumi na mbili kwa mia mbili kumi na mbili. Sheria ya kwao inasema wakifungana, majina yachanganywe na moja livutwe. Arlette akaandika majina mawili, akayatupia ndani ya kofia ya marehemu mumewe, ile ya kuwindia paa, ya rangi ya machungwa na yenye masikio, akatia mkono mbele ya kadamnasi, akamtoa Radtke. Karatasi iliyobaki kofiani hakuna aliyeomba kuiona. Vesterlo si mahali pa kumwambia karani afungue viganja. Arlette akazitia zote mbili ndani ya bahasha, akaifunga.

Kofia ile ndiyo iliyozaa gavana. Uenyekitini kazi yake kubwa ilikuwa kutia lami barabara moja, na lami ikakatikia mlangoni kwake. Kwenye baraza la wilaya aliongea miaka tisa, na hakuna anayekumbuka alichosema ila kwamba kilikuwa kirefu. Bungeni alijifunza kunyoosha mkono baada ya kuhesabu mikono ya wenzake. Kisha wagombea wawili waliomzidi kila kitu wakararuana magazetini hadi wote wakawa matambara, na jimbo likaamka asubuhi na Butch. Kila alipopanda ngazi, kofia nayo ilipanda cheo. Alipokuwa mwenyekiti, alisema ni bahati. Barazani ikawa majaliwa. Bungeni ikawa neema. Alipokuwa gavana alianza kuwaambia watu kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe alitia mkono kofiani.

Na sasa Jumamosi hii kofia na karatasi zake mbili zilikuwa ziwekwe ndani ya kabati la kioo kwenye jengo la serikali ya jimbo, na Jumatatu mwenye kofia atangaze kwamba anautaka urais. Sifa yake ya pili, baada ya kofia, ilikuwa kwamba hajawahi kusahau jina la mtu.

Saa sita Noreen alikuwa jikoni kwa Hazel Larsen, mjane wa Einar. Hazel alikuwa ameshavaa koti la kwenda kanisani na keki ya iliki imefungwa kwa kitambaa.

"Sikai, mwanangu. Nina zamu ya keki."

"Dakika mbili tu, mama. Nataka unitambulie mwandiko." Noreen aliweka picha ya zile karatasi mbili juu ya meza. "Huu ni wa Arlette?"

Hazel alivaa miwani. Akaangalia, akaivua, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

"R hii yenye mkia ni yake. Ametuandikia risiti nazo maisha yetu yote. Lakini huyu Larson ni nani?"

"Mumeo."

"Mume wangu hakuwa Larson."

Noreen aliisogeza picha karibu. "Imeandikwa hapa."

"Ndiyo naiona, na macho bado ninayo. Sisi ni Larsen kwa E. Wadenishi. Tunazikwa juu kilimani. Larson kwa O ni Waswidi, wanazikwa kule bondeni ambako maji huingia makaburini kila masika, na ni shauri lao. Wewe ni mtu wa mjini, wa Milwaukee, huwezi kujua. Na Kubiak ni Mpolandi, herufi zote kwake ni moja."

"Karani hawezi kukosea herufi moja?"

"Arlette?" Hazel aliketi sasa, koti na yote. "Arlette alizaliwa Larsen. Kwa E. Binamu yake Einar. Mwaka ule benki ilituletea hati ya shamba yenye O, aliirudisha kwa miguu, maili mbili, na buti za mvua. Mtoto wa miaka sita wa Vesterlo akikutana na wewe anakuuliza: kwa E au kwa O? Hapa hakuna mtu anayeweza kuandika hivi. Hata mlevi."

"Hata Gordy Maas?"

"Gordy anasukumia theluji makaburi yote mawili. Anatujua hai na wafu."

Noreen aliandika, akachora duara.

"Arlette alikuwa na neno lolote wiki hii?"

Hazel alishika fundo la kitambaa cha keki bila kulifungua. "Alinipigia simu Jumatano. Akasema, Hazel, kesho nakuletea kitu cha Einar. Nilipaswa kumletea yeye akiwa hai, nikaogopa. Nikamuuliza kitu gani. Akasema ameshawaambia watu wa Butch kwamba kwenye kile kioo haweki chochote kabla mimi sijakiona."

"Aliwaambia watu wa Butch."

"Ndivyo alivyosema."

"Basi karatasi tulizo nazo si zile alizotaka uzione," Noreen alisema. "Kuna mtu alizichukua, akaandika nyingine kwa kuiga mkono wake. Ameiga mkia wa R vizuri sana. Jina ndilo hakuliangalia, alidhani analijua."

"Mtu wa kuja," Hazel alisema.

"Nipe lifti pamoja na keki, mama. Na mimi nina njaa ya samaki."

Ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri ulijaa hadi watu walikuwa wanakula wakiwa wamesimama. Samaki wa ziwa wa kukaanga, kabichi, viazi vilivyosagwa na kukaangwa, mkate mweusi. Na juu ya hayo yote umbea, ambao Ijumaa hutolewa bure na hauishi. Gavana Radtke alikuwa katikati ya meza, shati la mistari la mkulima likiwa bado na alama za kukunjwa kutoka dukani. Alikuwa na uso mkubwa mwekundu wa mtu aliyelishwa na watu wengine maisha yake yote. Nyuma yake alitembea Trent Coburn, msaidizi wake wa miaka kumi na moja, mtu wa mjini, aliyenyooka kama penseli, na mkoba mwembamba wa ngozi ameubana kwapani.

Noreen alisimama karibu na birika la kahawa, kando ya mchungaji, akatazama. Haikumchukua muda. Kabla ya kila meza Coburn alifungua mkoba, akatoa kitu kidogo, akakipitisha. Kiganja cha Gavana kikapokea, macho yakashuka mara moja, mdomo ukafunguka.

"Virgil! Ng'ombe wako yule wa maonyesho bado anasumbua?"

"Alikufa, Butch."

"Nilisikia. Nikasikitika sana."

Noreen alimshika Hazel kiwiko, wakaingia kwenye mstari. Kiganja kikapokea, macho yakashuka.

"Hazel! Mama yangu mwenyewe. Nyonga mpya inakutii?"

"Nyonga inanitii, Butch. Watu ndio hawanitii."

"Na keki ile. Nchi nzima hakuna keki kama ile."

"Hujaionja bado."

Gavana alicheka kwa niaba ya ukumbi mzima. Noreen alimpa mkono, akautikisa kwa heshima zote, na mkono uliporudi kwake ulikuwa na kadi. Aliisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei ya nyanya.

"Hazel Larson. Mjane wa Einar. Nyonga. Msifu keki."

Meza ya karibu iliacha kutafuna.

"Nipe kadi yangu, dada," Gavana alisema, bado anatabasamu.

"Mpelelezi Pavlik, ofisi ya sherifu. Nani ameandika hii?"

"Wasaidizi wangu. Mtu akiwa na watu milioni sita anasaidiwa kidogo."

"Imeandikwa Larson. Kwa O."

Mnong'ono ulipita ukumbini kutoka meza hadi meza. Mzee mmoja kwenye kona ya Waswidi aliweka uma chini.

"Kosa la herufi," Gavana alisema.

"Ndilo kosa lile lile lililomo ndani ya bahasha ya Arlette Thorsgaard. Eti alimwandika binamu yake mwenyewe kwa jina la watu wa bondeni. Bwana Coburn, Alhamisi saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hotelini," Coburn alisema. "Makao makuu. Saa mbili na nusu za safari kutoka hapa."

"Hoteli ina rejista. Nitaisoma. Sasa naomba kuona kadi nyingine, nijue ofisi yenu inawaandikaje akina Larsen wengine."

Coburn aliubana mkoba. "Hizi ni nyaraka za ndani. Lete hati ya mahakama."

Alikuwa na haki, na Noreen alijua. Hati ingechukua hadi jioni, hakimu wa kuitia saini ndiye yule yule aliyemsubiri Gordy saa tisa, na kadi zina tabia ya kuungua. Noreen alimgeukia Gavana, akapandisha sauti kidogo.

"Anasema zina siri, Mheshimiwa."

Gavana aliangalia ukumbi. Watu mia nne walikuwa wamemkazia macho, na kwake watu mia nne hawajawahi kuwa watu. Ni kura mia nne zenye mafuta ya samaki mdomoni. Alinyoosha kifua.

"Trent, mpe."

"Mheshimiwa, tuongee pembeni kidogo."

"Hawa ni watu wangu. Tangu siku ya kofia sijawaficha kitu. Mpe dada huyu mkoba."

"Mheshimiwa, nakuomba."

"Trent. Nimesema mpe."

"Mkoba ni mali ya nani?" Noreen aliuliza.

"Ya ofisi yangu," Gavana alisema, na mtu mmoja akapiga makofi mahali fulani nyuma.

"Mchungaji, umesikia? Ameruhusu mwenye mali, mbele ya mashahidi." Noreen alivaa glavu nyembamba alizozitoa mfukoni, akauchukua mkoba kwapani mwa Coburn, ambaye mkono wake ulibaki umejikunja vile vile, kama bado ameubana.

Kadi zilikuwa kama mia. Alizipekua juu ya kitambaa cha meza, kati ya chumvi na sahani ya limau. Larson Hazel. Larson Niels, ambaye aliinuka meza ya tatu na kusema kwa upole kwamba yeye pia ni wa E. Nyuma ya kadi, kwenye mfuko mdogo wa bitana, palikuwa na karatasi mbili za manjano zilizokunjwa mara nne, mikunjo yake imechakaa. Noreen alifungua ya kwanza kwa ncha ya kalamu.

Radtke. R yenye mkia.

Akafungua ya pili.

Radtke. R yenye mkia.

Gavana alizitazama. Uwekundu ulimshuka kutoka paji la uso hadi shingoni, kisha ukatoweka kabisa. Alimwinamia Coburn.

"Nilikwambia uchome," alisema chinichini.

Waliosikia walikuwa watatu, Coburn, Noreen na Hazel. Kabla kahawa haijapoa Vesterlo nzima ilikuwa imesikia.

"Nimefanya kazi kwako miaka kumi na moja," Coburn alisema. Hakupunguza sauti tena. "Nimekuona ukiwatupa watu wanne. Nichome kitu pekee ambacho kingekuzuia kunitupa mimi?"

"Sijui anaongea nini. Mpelelezi, mimi mtu huyu simfahamu vizuri."

"Hujaletewa kadi yake," Hazel alisema.

Noreen alikuwa ameshatoa pingu. "Bwana Coburn, unayo haki ya kunyamaza. Ungeanza kuitumia mapema."

"Alinitengea kahawa," Coburn alisema. "Akazitoa karatasi, akaniwekea mezani. Akasema ni za Hazel. Nilizichukua, akanifuata hadi ngazini, akaushika mkoba. Nilimtoa mkono tu. Yeye ndiye aliyekuwa upande wa ngazi." Alimwelekezea Gavana kidevu. "Jioni ya Jumatano huyu aliniambia nisirudi bila karatasi."

"Na vikombe ukaviosha."

"Mama yangu alinifundisha adabu."

"Ukaandika karatasi nyingine kwa mkono wa marehemu akiwa bado yuko chini ya ngazi. Hilo alikufundisha nani?"

Coburn alimwangalia aliyemfundisha.

Gavana aliitafuta njia ya mlangoni, na njia ilikuwapo, lakini ilipita katikati ya watu mia nne na hakuna aliyesogeza kiti. Kubiak alikuwa amefika wakati huo, kofia mkononi, akasimama kati ya cheo chake na mshahara wake bila kujua akanyage wapi.

"Unajua unaongea na nani?" Gavana alimuuliza Noreen.

"Najua. Mtu aliyeshindana na yeye mwenyewe ndani ya kofia, na bado ikabidi avutwe. Mpigie wakili wako, Mheshimiwa. Sherifu atakuendesha hadi ofisini kwetu. Ama sivyo, Sherifu?"

Kubiak alivaa kofia. "Twende, Butch," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumtamka bila kutabasamu.

Hazel alikuwa bado amesimama mbele ya zile karatasi mbili. Hakuzigusa. Miwani ilikuwa imeshuka puani na hakuipandisha.

"Hata hakuwemo," alisema. "Miaka thelathini na mitatu, mpaka anakufa, alikaa benchi la nyuma kabisa kanisani. Nikimwambia Einar, sogea mbele, ananiambia, Hazel, Mungu alikuwa na majina mawili mkononi akaniacha. Kumbe hata hakuwekwa kofiani."

Niels Larsen alikuja na kiti, akamwekea, akasimama nyuma yake.

Noreen alitazama saa ya ukutani juu ya madirisha ya jikoni. Saa nane na dakika arobaini. Alitoka hadi ngazi za kanisa, mahali ambapo Gordy angekuwa ameshasafisha siku nyingine yoyote na ambapo leo theluji ilimfika kifundoni, akapiga simu mahakamani. Karani wa zamu alipokea, akitafuna.

"Naleta maombi ya kumwachia mahabusu wa saa tisa," Noreen alisema. "Muuaji tunaye. Anza kuandika hati, nakuja kutia saini."

"Jina la mahabusu?"

"Gordon Maas."

Alisikia vidole vikigonga. "M, a, s..."

"Futa," Noreen alisema. "Maas. A mbili. Nisomee nikusikie."